Mganga Hajigangi: Mshauri Nasaha Shuleni Naye Afundwe

Mwezi wa Machi mwaka 2001, moto uliteketeza bweni la wavulana katika Shule ya Upili ya Kyanguli, wilayani Machakos, wakaangamia wanafunzi 67. Taifa zima liliduwaa. Wazazi na walimu wakaulizana swali ambalo hadi leo halijapata jibu la kuridhisha: ni nani aliyekuwa akiwasikiliza vijana hawa kabla ya kiberiti kuwashwa? Mwaka uo huo serikali ilipiga marufuku adhabu ya kiboko shuleni, na jopo lililoongozwa na Naomi Wangai kuchunguza utovu wa nidhamu likapendekeza huduma ya ushauri nasaha iimarishwe. Yaani, mwalimu alipokonywa kiboko, akapewa kiti, akaambiwa: keti, umsikilize mwanafunzi.

Zaidi ya miaka 20 imepita. Makala haya hayaulizi kama kiti hicho kilitolewa, kwani takriban kila shule ya upili nchini ina mwalimu anayeitwa mshauri nasaha. Yanauliza yule aliyekikalia amefunzwa nini tangu siku alipokikalia. Maoni yangu ni kuwa cheti cha ushauri nasaha huchakaa, na mshauri asiyeendelea kufunzwa na kusimamiwa, hata awe na huruma ya mzazi, anaweza kumdhuru yule yule anayetaka kumsaidia. Fauka ya hayo, mafunzo hayo hayatakuwa kamili mradi yatolewe kwa lugha ambayo si ile anayoitumia mwanafunzi kuyaeleza machungu yake.

Kwa hakika, wazo la ushauri nasaha shuleni halikuzaliwa na msiba wa Kyanguli. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilikwisha kulitilia mkazo, na ile ya Kamunge ya mwaka 1988 ikalirudia. Kilichokosekana si ripoti; ni namna ya kumwandaa mtu wa kuitenda kazi yenyewe. Aghalabu, mwalimu mkuu humteua mwalimu aliye mpole, au aliye mcha Mungu, au wa kike ikiwa shule ni ya wasichana. Mteuliwa huhudhuria semina ya siku chache, hupewa cheti, hurudi shuleni na kuendelea na vipindi vyake vyote vya Hisabati au Jiografia kama kawaida. Tangu siku hiyo huhesabiwa kuwa amehitimu. Miaka 15 baadaye bado anafungua daftari lile lile la semina ile ile.

Pengine msomaji atauliza: kuna ubaya gani? Je, huzuni ya mwaka 1998 si huzuni ya leo? Huzuni ni ile ile, lakini elimu ya kuitibu haikusimama. Tuchukue mfano mmoja ulio karibu nasi. Tarehe 7 Agosti, 1998, bomu lililipuliwa katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, wakafa zaidi ya watu 200 na maelfu wengine kujeruhiwa. Msiba huo ndio uliowafanya Wakenya wengi kulisikia neno ushauri nasaha kwa mara ya kwanza. Wakati huo, mbinu iliyotamba duniani kwa watu waliofikwa na maafa ilikuwa ni kuwakusanya siku chache baada ya tukio, katika kikao kimoja, na kumtaka kila mmoja asimulie kinaganaga aliyoyaona na aliyoyahisi. Iliaminika kuwa mtu akitapika sumu mapema, haitamdhuru baadaye.

Imani hiyo ilipopimwa, ilikutwa na kasoro. Mwaka 2002, uchambuzi wa tafiti uliotolewa na shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kukusanya na kupima ushahidi wa tiba mbalimbali, ulionyesha kuwa kikao hicho kimoja hakikuzuia kiwewe. Isitoshe, katika baadhi ya tafiti, waliopitishwa katika kikao hicho walionekana kuwa na hali mbaya zaidi kuliko wale walioachwa bila kuhojiwa. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, likashauri njia nyingine: mhudumu amtulize aliyefikwa, atazame mahitaji yake ya lazima, amsikilize iwapo anataka kusema, amuunganishe na jamaa zake na huduma nyingine, na wala asimlazimishe kusimulia.

Sasa fikiri, ewe mwalimu, juu ya mshauri aliyefunzwa mwaka 1999 na ambaye hajafunzwa tena. Basi la shule linapata ajali leo. Yeye, kwa nia njema kabisa, atawakusanya manusura ukumbini na kuwataka wasimulie mmoja baada ya mwingine jinsi wenzao walivyokufa. Hatajua kwamba anakitonesha kidonda kibichi. Hakuna atakayemlaumu, kwa sababu ana cheti, na cheti chenyewe hakikuandikwa tarehe ya kuisha.

Wala si elimu ya tiba tu inayobadilika. Sheria nazo hubadilika. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwadhibiti wanataaluma hao. Mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa, haki za mgonjwa zikafafanuliwa na serikali za kaunti zikapewa wajibu wao. Kisha, mwezi wa Januari mwaka 2025, Mahakama Kuu ikaamua kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomfanya mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba.

Uamuzi huu wa mwisho unamhusu mshauri wa shule moja kwa moja. Kwa miaka mingi, mwanafunzi aliyejaribu kujitoa uhai akaokolewa aliweza kukabidhiwa polisi badala ya daktari. Kwa hiyo walimu walijizoesha kulificha jambo hilo, na wanafunzi wakajizoesha kunyamaza. Mshauri ambaye hajapata habari za mabadiliko haya ataendelea kumtisha kijana kwa jela. Vivyo hivyo, wapo walimu wengi wanaoamini kuwa ukimwuliza kijana kama amewahi kufikiria kujiua, utakuwa umemtia wazo hilo kichwani. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa sivyo: kuulizwa waziwazi, kwa upole na kwa faragha, hakumpandikizii mtu wazo asilokuwa nalo, na yule aliye nalo hupata mlango wa kusema. Mshauri akikosa elimu hii, mlango huo utabaki umefungwa, na wahenga walikwisha kutuonya kuwa mficha maradhi kilio humfichua.

Taaluma nyingine zimeliona jambo hili zamani. Daktari na muuguzi nchini Kenya hutakiwa kuonyesha kuwa wameendelea kujifunza ndipo leseni zao zihuishwe. Nchini Marekani, mshauri aliyethibitishwa na bodi ya taifa ya washauri hutakiwa kutimiza saa 100 za mafunzo katika kila kipindi cha miaka 5. Nchini Uingereza, chama kikuu cha washauri huwataka wanachama wake wanaofanya kazi wakutane na msimamizi wa kitaaluma mara kwa mara.

Neno usimamizi hapa lisieleweke vibaya. Masikioni mwa mwalimu wa Kenya, msimamizi ni mkaguzi anayekuja kutafuta makosa. Katika ushauri nasaha, msimamizi ni mshauri mwenye uzoefu zaidi ambaye mshauri humwendea ili wayatazame pamoja mashauri magumu, bila kutaja majina ya wahusika. Pale ndipo mshauri anapoulizwa: kwa nini uliharakisha kumpa jibu? Mbona uliogopa machozi yake? Je, shauri hili linapita uwezo wako, na yafaa umpeleke mtoto huyu hospitalini? Mshauri naye ni binadamu. Akisikiliza habari za watoto walionajisiwa, waliofiwa au waliotupwa na wazazi wao, mwaka nenda mwaka rudi, bila mahali pa kuutua mzigo huo, ataugua au atakuwa sugu. Mganga hajigangi.

Hata mila zetu zililijua hili. Katika upwa wa Pwani, somo au kungwi aliyemfunda mwari hakuibuka kutoka semina ya siku tatu. Alikuwa amekaa kando ya makungwi wakongwe, akatazama, akasahihishwa, na alipokutana na jambo lililomshinda alijua mlango wa kubisha hodi. Sisi tumemwondolea mshauri wa shule wakubwa wake, tukamwacha peke yake chumbani na mlango uliofungwa.

Nikiwa mwanaisimu, sina budi kuligusa suala la lugha, ambalo katika mijadala ya aina hii hutajwa kwa dakika mbili za mwisho kama vile ni pambo tu. Tuanze na jina la kazi yenyewe. Tunasema ushauri nasaha. Nasaha ni mawaidha, maneno mema ambayo mtu mmoja humpa mwingine. Ushauri nao, jinsi tunavyoutumia siku hizi, ni kumwelekeza mtu la kufanya. Basi jina zima limemaanisha kutoa maelekezo mara mbili. Si ajabu kuwa mwalimu aliyepewa cheo hiki hudhani kazi yake ni kuhubiri, na mwanafunzi aliyeambiwa aende akashauriwe hudhani anakwenda kukemewa kwa sauti ya chini.

Hata hivyo, lugha yetu yenyewe ina dawa ya ugonjwa huu. Asili ya shauri katika Kiarabu ni mashauriano ya watu zaidi ya mmoja, na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo katika kauli ya kutendana: kushauriana. Anayeshauri husema peke yake, wanaoshauriana husikilizana. Kiambishi hicho kidogo, -an-, kimebeba nusu ya taaluma nzima. Kazi ya mshauri wa leo iko karibu zaidi na kushauriana kuliko kushauri, na mafunzo ambayo hayamfikishi mwalimu katika tofauti hii hayajamfunza.

Shida ya pili ni istilahi. Mwalimu hufunzwa kwa vitabu vya Kiingereza, akajifunza dalili za maradhi kwa Kiingereza, na mtihani akaufanya kwa Kiingereza. Kisha mwanafunzi anaingia chumbani na kusema, "Mwalimu, nina mawazo." Kamusi itamwambia mwalimu kuwa mawazo ni fikra, na kuwa na fikra si ugonjwa. Lakini kila Mswahili anajua kuwa mtu mwenye mawazo ni mtu anayetafunwa na jambo. Mwingine atasema kichwa kinamzunguka, mwingine roho inamwuma, na kijana wa mjini atasema ana stresi. Mwingine hatasema neno. Atakuja kila Jumatatu kulalamikia kichwa, apewe vidonge vya maumivu, arudi darasani. Maneno haya ndiyo dalili zenyewe, na hayamo katika kitabu alichosomea mshauri.

Upande wa wataalamu nako hakujatulia. Ugonjwa ambao Watanzania wengi huuita sonona, hapa kwetu huitwa unyogovu na baadhi ya watu, mfadhaiko na wengine, na msongo wa mawazo na wengine, ilhali msongo wa mawazo hutumika pia kwa ile hali ya kawaida ya kuzidiwa na shughuli wakati wa mitihani. Washauri wawili wakiandika neno moja kwa maana mbili, yule anayempokea mgonjwa hospitalini atadanganyika. Aidha, ipo hojaji ya maswali 9 inayoitwa PHQ-9, itumiwayo duniani kote kupima dalili za ugonjwa huo katika wiki 2 zilizopita. Mfasiri akizifuata ibara zake za Kiingereza neno kwa neno, atamwuliza mwanafunzi kama huwa anajisikia chini, usemi ambao hauna maana kwa mzawa wa lugha. Mwanafunzi atajibu hapana, na hapana hiyo itaandikwa kuwa ni uzima.

Wenzetu wa Zimbabwe walilikabili tatizo la namna hii, na yafaa tujifunze kwao. Mwaka 2006, daktari wa maradhi ya akili Dixon Chibanda alianzisha jijini Harare mpango wa benchi za urafiki: akina nyanya wa mtaani walifunzwa kuketi na watu wenye dhiki juu ya benchi nje ya zahanati na kuzungumza nao. Hawakuanza na jina la ugonjwa kwa Kiingereza. Walilitumia neno la Kishona, kufungisisa. Msomaji asidanganywe na sauti yake: katika Kishona, lugha ya Kibantu kama Kiswahili, funga ni kufikiri, na kiambishi -isisa huonyesha kuzidi. Basi kufungisisa ni kufikiri kupita kiasi, ndugu wa damu wa yale mawazo yetu. Matokeo ya utafiti yaliyochapishwa mwaka 2016, uliowahusisha watu 573 katika zahanati 24 za Harare, yalionyesha kuwa waliopitia benchi hizo walikuwa na dalili chache zaidi baada ya miezi 6 kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wale akina nyanya hawakuwa na shahada. Walikuwa na lugha ya watu wao, na walikuwa na wasimamizi waliowafuatilia.

Hapa kwetu pia upo ushahidi. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya mpango uitwao Shamiri, uliojaribiwa kwa wanafunzi 413 wa shule za upili nchini Kenya. Waliouendesha ni vijana waliokuwa wamemaliza shule ya upili karibuni, wakafunzwa kwa muda mfupi na kusimamiwa. Dalili za unyogovu na wasiwasi zilipungua zaidi kwa wanafunzi waliokuwa katika mpango huo kuliko kwa wenzao waliofunzwa mbinu za kusoma. Hapana ulazima, basi, wa kila shule kusubiri mwanasaikolojia mwenye shahada tatu. Mafunzo mafupi yanaweza kufaa, mradi yasiwe ndiyo mwanzo na ndiyo mwisho.

Najua pingamizi litakalotolewa, na ni la haki: nani atalipa? Walimu hawajasahau mwaka 2021, Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilipotangaza mafunzo ya lazima ya kuendeleza taaluma ambayo mwalimu alitakiwa kuyalipia mwenyewe, takriban shilingi 6,000 kwa mwaka, kwa moduli za kudumu miaka 30. Vyama vya KNUT na KUPPET vilipinga, na mwalimu wa kawaida aliona kuwa elimu imegeuzwa kodi. Kosa hilo lisirudiwe. Mshauri wa shule anafanya kazi ambayo hakuajiriwa kuifanya, na aghalabu haongezewi hata senti. Kumtoza ada ili aifanye vyema ni kumwongezea mzigo punda aliyekwisha kulemewa.

Lakini mafunzo endelevu hayahitaji hoteli ya Naivasha wala mikoba ya semina yenye nembo. Washauri wa shule za kaunti ndogo moja wanaweza kukutana mara moja kwa mwezi, alasiri moja, katika shule mojawapo. Mwanasaikolojia au muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya kaunti awe msimamizi wao, na saa hizo zihesabiwe na TSC kuwa ni kazi na pia ni mafunzo. Mwalimu mshauri apunguziwe vipindi. Aidha, asiwe mwanachama wa kamati ya nidhamu, kwani mwanafunzi hawezi kumfungulia moyo saa nne mtu atakayemhukumu saa nane. Bodi iliyoundwa na sheria ya 2014 ishirikiane na Wizara ya Elimu kuwatambua washauri wa shule, badala ya kuwaacha nje ya taaluma kama watoto wa kambo.

Sisi wa vyuo vikuu tusijitoe lawamani. Idara za saikolojia na idara za Kiswahili hukaa katika jengo moja na hazisalimiani. Hakuna kinachotuzuia kuketi pamoja na washauri walioko mashinani, tukayakusanya maneno ambayo wanafunzi huyatumia hasa, tukakubaliana juu ya istilahi chache thabiti, na tukaandika miongozo kwa Kiswahili fasaha kinachoeleweka Lodwar na Lamu. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Si haki lugha hiyo iwe rasmi kwa hotuba na isiwe rasmi kwa machozi.

Mwaka 2020, jopo kazi la afya ya akili lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza maradhi ya akili yatangazwe kuwa janga la kitaifa. Janga halizimwi kwa vyeti vilivyotundikwa ukutani. Na ninyi wanafunzi, mnayo haki ya kumwuliza mshauri wenu swali lile lile ambalo yeye huwauliza ninyi mwishoni mwa kila muhula: tangu tulipoonana mara ya mwisho, umejifunza nini?